Kila Chaguo na Ngeli Yake: Tajriba ya Kuunda Maktaba ya C Ntimaru

Mwanafunzi wa Kiswahili anapotajiwa lugha ya C, aghalabu hujiona kama shahidi aliyeitwa katika kesi isiyo yake. C ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Aliyeibuni ni Dennis Ritchie, katika maabara ya Bell nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wanaoishughulikia vyuoni mwetu huwa na jengo lao, mitihani yao, na hata utani wao ambao sisi wa idara ya Kiswahili hatuupati. (Nitatumia neno kompyuta katika makala haya. Wapo watakaopendelea tarakilishi, nami sina ugomvi nao.) Hata hivyo, kazi moja iliyopita mikononi mwangu nyumbani kwetu Ntimaru imenishawishi kwamba iko pembe ya fani hiyo ambamo mwanafunzi wa sarufi ya Kibantu si mgeni hata kidogo. Pembe yenyewe ni hii: programu inapohitaji kuambiwa jinsi ya kuifanya kazi yake, iambiwe kwa njia gani ili isiweze kuambiwa upuuzi?

Ntimaru iko Kuria Mashariki, katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Ng'ambo yake ni Tarime. Abakuria wako pande zote mbili za mpaka huo, na Kiswahili kisikikacho sokoni kina ladha ya pande zote mbili. Wazee wetu wengi huzungumza Igikuria nyumbani, hukielewa Kiswahili vyema kwa sikio, na ujumbe wa simu unapoingia husomewa na wajukuu. Jambo hili la kusomewa ndilo lililozaa yote nitakayoyaeleza.

Nyanya yetu hutumia dawa za shinikizo la damu. Siku moja alipelekewa ujumbe na kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, kwamba afike Jumanne "saa 8:00". Aliyeuandika ujumbe huo, au mashine iliyouandika, alikusudia saa mbili asubuhi kwa hesabu ya Kizungu. Mjukuu aliyekuwapo nyumbani akasoma kilichoandikwa: saa nane. Nyanya akapika chakula cha mchana, akala, akapanda bodaboda, akafika saa nane kasorobo na kumkuta muuguzi mmoja akifunga madirisha. Dawa alizobaki nazo zilikuwa za siku mbili. Akaambiwa arudi Jumanne ya pili yake. Siku tano alikaa bila dawa, na siku ya nne tulimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda akilalamika kwamba nyumba inazunguka.

Katika kisa hicho hakuna aliyedanganya. Namba ilikuwa sahihi kwa aliyeiandika na sentensi ilikuwa ya Kiswahili. Kilichokosekana ni upatanisho baina ya namba na lugha iliyoibeba: namba ya mfumo mmoja ilipachikwa katika sentensi ya mfumo mwingine, na hapakuwa na kitu chochote njiani cha kuwauliza wawili hao kama wanajuana.

Ndugu yangu, mwana wa baba mdogo, ndiye aliyesomea kompyuta katika ukoo wetu. Likizo ya Desemba alikuja na wazo la kuandika maktaba ya C. Katika fani yao maktaba si nyumba ya vitabu, bali ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo programu nyingine huziazima badala ya kuziandika upya. Maktaba yake ingepewa miadi na kurudisha sentensi iliyo tayari kutumwa kwa simu. Aliichagua C kwa sababu mbili: programu zilizoandikwa kwa lugha nyingine nyingi huweza kuazima kutoka maktaba ya C, na C hutosheka na kompyuta ndogo ya bei nafuu. Mteja wa kwanza angekuwa chama cha akina mama cha kuweka na kukopeshana, ambacho mama ndiye mweka hazina wake. Vituo vya afya vingefuata kama vingependa.

"Dada, wewe nipe sentensi tu, hayo mengine niachie mimi," aliniambia.

Hakuachiwa. Kwa majuma mawili tulizungumza kidogo sana kuhusu sentensi na sana kuhusu machaguo. Chaguo, kwa maana ya makala haya, ni jambo ambalo mwenye maktaba humwachia mwazimaji aliamue: ujumbe uwe wa lugha gani, saa zitajwe kwa mfumo upi, juma lianze siku gani, namba ipi ya simu iwekwe mwishoni kwa anayetaka kujibu, urefu usizidi ngapi (ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160 za kawaida, na zaidi ya hapo hulipiwa kama ujumbe wa pili). Kila chaguo lina thamani zake halali. Swali ni mlango gani utumike kuzipitishia.

Njia ya kale ni mlango mmoja kwa wote. Unatengeneza amri moja, tuseme "weka", unaipa jina la chaguo na thamani, basi. Mfumo wa BSD wa mwaka 1983 ulikuwa na amri ya namna hii ya kurekebisha mawasiliano ya mtandao, setsockopt, nayo ingali inatumika. Thamani haipewi amri hiyo moja kwa moja. Inapewa anwani ya mahali thamani ilipo katika kumbukumbu ya mashine, pamoja na urefu wake. Ni kama kumwambia mtu, "Kuna kitu nyuma ya mlango, kina uzito wa kilo nne, kichukue." Kama ni mbuzi au ni gunia la mahindi, atajua akifika.

Mfano ulionifundisha zaidi ni libcurl, maktaba iliyoanzishwa na Msweden Daniel Stenberg, inayosafirisha data mtandaoni na ambayo imo katika simu, runinga na magari kote duniani. Amri yake ya kuwekea machaguo, curl_easy_setopt, ina machaguo kwa mamia, na yote hupita mlango mmoja usiojali aina ya kinachopita. Hati zake humwonya mwandishi kwamba mahali panapotakiwa namba ndefu asiandike 1 bali 1L, kwa kuwa katika kompyuta nyingi za biti 64 namba ya kawaida huchukua biti 32 na ile ndefu huchukua 64. Ukipitisha fupi panapotarajiwa ndefu, nusu ya pili yaweza kujazwa na takataka yoyote iliyokuwa imelala hapo. Inaweza kufanya kazi leo na kukataa kesho. Jambo la namna hiyo ndilo humzeesha mtu.

Lakini tazama jinsi machaguo hayo yalivyopewa nambari. Yanayochukua namba ndefu yameanzia 0. Yanayochukua kielekezi, yaani anwani ya kitu kingine, yameanzia 10000. Yanayochukua amri yameanzia 20000, na yanayochukua namba kubwa za ukubwa wa faili yameanzia 30000. Ndugu yangu aliponionyesha orodha hiyo nilicheka. Hizi ni ngeli! Nambari 10000 iliyo mbele ya chaguo ni kiambishi, sawasawa na KI- ya kitabu: kabla hujajua maana ya neno umekwisha kujua litapatana na nini. Tatizo ni kwamba kiambishi kipo katika nomino lakini kitenzi hakikilazimiki kukitii. Kompaila, programu inayoigeuza C kuwa lugha ya mashine na kuikagua njiani, kwa desturi haikisomi. Ni kama lugha ambayo ina vitabu, viti na vikombe, kisha mtu akasema "kitabu wameanguka" na hakuna mtoto hata mmoja anayecheka. Baadaye wenye libcurl waliongeza ukaguzi wa ziada kwa watumiao kompaila ya GCC ili kasoro hiyo igunduliwe mapema. Walikuwa wakiongeza upatanisho katika lugha iliyokwisha kuzaliwa bila upatanisho.

Hatukuutaka mlango mmoja. Rasimu ya pili ya ndugu yangu ilikuwa na milango mitatu: weka_namba, weka_maandishi na weka_ndiyo_au_siyo. Mtu akijaribu kupitisha maandishi katika mlango wa namba, kompaila inapiga kelele papo hapo, kabla ya ujumbe wowote kutumwa kwa mtu yeyote. Aliridhika. Mimi sikuridhika, na hapa ndipo somo la ngeli liliponisaidia kuliko nilivyotarajia.

Msomaji anajua kwamba ngeli zina historia mbili. Wilhelm Bleek alipozipa ngeli za Kibantu nambari katika sarufi linganishi aliyoanza kuichapisha mwaka 1862, na Carl Meinhof alipoipanua orodha hiyo baadaye, kigezo kilikuwa umbo: viambishi vya nomino. Ndiko ilikotoka M-WA. Upangaji wa pili, ambao ndio unaofundishwa katika shule zetu, huangalia nomino inapatana na nini katika sentensi: A-WA. Tofauti yaonekana ndogo mpaka ukutane na kifaru. Kwa umbo kifaru ni ndugu wa kitabu. Kwa upatanisho ni ndugu wa mtu: kifaru anakula, kifaru amelala. Kipofu, kiziwi, kijana, daktari, wote hao wangewekwa pabaya na anayetazama umbo peke yake.

Aina za msingi za C ni ngeli za umbo. Zinapokwambia kitu ni namba kamili, zimekwambia kinachukua biti ngapi na kinajumlishwaje. Hazijakwambia kama ni saa, siku, shilingi au idadi ya mbuzi. Katika mlango wa weka_namba, 8 ya Kizungu na 8 ya Kiswahili zingepita zimeshikana mikono, na nyanya angefika tena saa nane mchana. Milango mitatu ingekuwa imelinda kila kitu isipokuwa kile kilichotufanya tuanze kazi.

Nikamwambia, "Hizi saa zako ni vifaru. Zina umbo la namba lakini hazipatani na namba."

Alidhani dawa ni rahisi. C ina neno typedef, ambalo humruhusu mtu kuipa aina jina jipya: unasema kwamba kuanzia sasa Saa ni namba na Siku ni namba. Kumbe jina hilo ni lakabu tu. Kompaila inamjua mtu yule yule kwa majina mawili, na ukimpa Siku mahali pa Saa haisemi neno. Ili aina iwe mpya kweli, inabidi uitie namba ndani ya muundo, hata kama muundo huo una chumba kimoja tu. Miundo miwili yenye majina tofauti haipatani katika C hata ikiwa na vitu vile vile ndani. Gharama yake kwa mashine ni ndogo mno. Kwa mwandishi ni herufi chache za ziada. Tukaikubali.

Ndipo Saa ikazaliwa kama ngeli yake yenyewe. Ndani yake kuna dakika tangu usiku wa manane, lakini mwazimaji wa maktaba haruhusiwi kuziandika kwa mkono wake. Ana njia mbili za kuipata. Ya kwanza ni saa_ya_24, ambayo hupewa 8 na 0. Ya pili ni saa_ya_kiswahili, ambayo hupewa 2, na 0, na kipindi cha siku: ALFAJIRI, ASUBUHI, MCHANA, JIONI au USIKU. Njia zote mbili huzaa kitu kimoja. Asiyetaja mfumo wake hana mlango wa kuingilia. Na upande wa kutokea, chaguo la mfumo wa saa lina thamani tatu tu: Kiswahili, saa 24, au zote mbili, asiyechagua hupata Kiswahili, na kwa maneno, "saa mbili asubuhi", si kwa tarakimu.

Vipindi vya siku vilitugharimu jioni nzima, na ninakiri niliifurahia kuliko mihadhara mingi. Saa nane asubuhi haipo. Hiyo ni lazima ikataliwe, na ujumbe wa kituo kile ungegonga ukuta hapo kama mtu angejaribu kuuandika hivyo. Lakini saa kumi na mbili mtu anapoamka ni alfajiri au asubuhi? Mama alisema asubuhi. Shangazi, anayekamua ng'ombe kukiwa bado giza, alisema alfajiri na akamtazama mama kama mtu aliyelala sana. Saa moja baada ya jua kuzama ni jioni au usiku? Mgeni mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alisema usiku bila kusita. Wengi wetu tulisema jioni. Kamusi haziwezi kuwaamulia watu hawa, na maktaba haikuwa na haki ya kuwaamulia pia. Tukaamua vipindi vipishane mipakani: saa kumi na mbili inakubali alfajiri na asubuhi, saa moja inakubali jioni na usiku. Ngeli nazo zina mipaka ya namna hiyo. Wanafunzi wangapi wamegombana juu ya "rafiki yangu" na "rafiki wangu"?

Siku zilikuwa na mtego wake. Katika C kuna muundo wa kawaida wa wakati ambamo siku za juma huhesabiwa kuanzia Jumapili, na Jumapili ni 0. Kwa hesabu hiyo 5 ni Ijumaa. Kwa jina la Kiswahili siku ya tano ni Jumatano, kwa kuwa tunaanza na Jumamosi. Na Alhamisi je? Neno hilo limetoka Kiarabu, nalo pia ni la tano, kwa kuwa Waarabu huanza na Jumapili. Juma letu, kwa hiyo, lina siku mbili za tano zinazofuatana, na mashine huongeza ya tatu. Anayekubali Siku iwe namba huku akijua hayo ana moyo mgumu. Sisi tuliifanya Siku iwe orodha iliyofungwa ya majina saba, kila jina likiandikwa kama lilivyo. (Muundo huo huo wa wakati huhesabu miezi kuanzia 0 na tarehe kuanzia 1, na mwaka 2024 huuita 124 kwa kuwa huanzia 1900. Sikupata wa kunieleza kwa nini tarehe ndiyo pekee iliyoheshimiwa.)

Sentensi zenyewe, zile nilizoombwa, zilikuja baadaye, nazo zikarudi kule kule. Desturi ya wanaoandika programu ni kutayarisha kiolezo chenye pengo: "___ yako imeahirishwa". Katika pengo unatia neno lolote. Kwa Kiingereza pengo hilo halina madhara. Kwa Kiswahili linazaa "mkutano yako imeahirishwa" na "kikao yako imeahirishwa", Kiswahili ambacho kila mmoja wetu amekiona katika mashine fulani, kikatusikitisha, tukabonyeza na kuendelea. Zana zinazotumiwa kutafsiria programu huria zimeshughulikia umoja na wingi kwa miaka mingi. Ngeli hazikuwekewa nafasi. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004 ulifanya kazi ya kuheshimika, lakini wafasiri wa namna hiyo hupewa violezo vilivyokatwa na fundi aliyewaza Kiingereza, na wao hulazimika kuikwepa sarufi yao wenyewe kwa kuchagua maneno ambayo hayatafichua kiraka.

Katika maktaba yetu tukio si maandishi matupu. Ni muundo wenye umoja, wingi na ngeli, na amri ya weka_tukio haipokei kingine. Kompaila haiwezi kujua kama uliyeandika kwamba kikao ni KI-VI umesema kweli. Inaweza tu kukulazimisha useme. Hilo nalo si dogo: anayelazimika kutaja ngeli ya "daktari" atasita kidogo, na katika kusita huko ataandika A-WA, ili ujumbe useme "daktari wako amesafiri". Ngeli tulizoziorodhesha ni za upatanisho, si za umbo, na nadhani msomaji ameshajua ni kwa nini.

Namba ya simu ilipita upesi. Haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Ukiitia katika namba ya kawaida ya biti 32, ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647, namba ya Kenya inayoanza na 254 haitoshei. Ukiiandika kwa mtindo wa nyumbani unaoanza na 0 matatizo ni mabaya zaidi, kwa kuwa C inapoona namba iliyoanza na 0 huisoma kwa msingi wa nane: 010 kwake ni 8. Tukaifanya maandishi yaliyokaguliwa, na kwa sababu tuko mpakani tukadai alama ya kujumlisha na 254 au 255 mbele.

Kompaila hulinda programu, lakini mama haandiki programu. Yeye angepewa faili fupi ya maandishi ya kurekebisha mistari kama "lugha = kiswahili", na humo kila kitu ni maandishi: saa, siku, ndiyo, siyo. Hapo ngeli zetu zote zilionekana kuyeyuka. Suluhisho la ndugu yangu lilikuwa jedwali moja ndani ya maktaba, lenye jina la kila chaguo, aina yake na mipaka yake; msomaji wa faili hulipitia jedwali hilo kabla ya kufungua mlango wowote, na akikataa hutaja mstari na sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Libcurl iliongeza jambo la jinsi hii mwaka 2020, amri ya kuuliza chaguo fulani kwa jina lake ni la aina gani. Nilipendekeza ujumbe wa kukataa usiseme "hitilafu 22" bali "Mstari wa 3: hakuna saa nane asubuhi. Ulikusudia saa mbili asubuhi au saa nane mchana?" Alilalamika kwamba ni mrefu. Mama aliusoma mara moja, akasahihisha mstari, na malalamiko yakaisha.

Lililobaki lilikuwa lugha. Orodha iliyofungwa, kama tulivyofanya kwa siku? Au maandishi huru, kila mtu aandike jina la lugha aitakayo? Maandishi huru yangeruhusu "kiswahli" ipite bila swali, na ujumbe ungetoka kwa lugha ya akiba bila mtu kujua. Orodha iliyofungwa ni salama, ila ina ubaya wa kila orodha iliyofungwa: asiyeandikwa hayupo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na Kiswahili, Kiingereza na Dholuo, kwa kuwa mtu akishuka kutoka kwetu kuelekea mji wa Migori anaingia katika Dholuo, na ndugu yangu alikuwa akiwafikiria wateja wa huko. Nilipomuuliza Igikuria kiko wapi alisema sentensi zake hazijaandikwa, na kuweka katika orodha lugha isiyo na sentensi ni kudanganya aina.

Alikuwa na hoja. Lakini nyanya, aliyekuwa ameketi karibu akichambua maharagwe, aliuliza kwa Igikuria tunabishania nini. Alipoelezwa, akauliza kama mashine hiyo inajua kwamba Abakuria wapo.

Igikuria kina msimbo wake katika orodha ya kimataifa ya lugha: kuj. Tulikiongeza mwishoni mwa orodha, baada ya Dholuo, si kwa heshima ndogo bali kwa sababu ukipenyeza jina katikati, nambari za yanayofuata husogea, na programu zilizokwisha kutengenezwa kwa orodha ya zamani huanza kusema lugha zisizokusudiwa. Anayekichagua leo hurudishiwa jibu maalumu, SENTENSI_HAZIJAANDIKWA, na programu yake inaamua itumie lugha gani badala yake. Sentensi zinazohitajika ni kumi na tisa. Nimekwisha kuandika saba pamoja na nyanya, na katika ya nane tumekwama juu ya namna ya kutaja saa nane mchana kwa Igikuria bila kuazima neno la Kiswahili.